Hewa moja, ruta 31

Hotuba kwa mafundi wa mitandao wa Mji Mkongwe, Zanzibar

Assalaam alaykum. Hamjambo nyote, na ahsanteni kwa kuacha kazi zenu kuja kunisikiliza.

Niwieni radhi kwa kuchelewa kuanza. Kipaza sauti kisicho na waya nilichopewa mwanzo kimekwaruza, kikakata, kikakwaruza tena, na kijana wetu wa mitambo akawa ananitazama kwa haya kama kwamba kosa ni lake. Kosa si lake. Nimemwomba hiki chenye waya na nitakishika mpaka mwisho. Mtu kaalikwa kuzungumzia mawimbi, anasimama mbele yenu kashika waya: chekeni tu. Lakini hivi ndivyo ninavyofanya hata kwenye kazi zangu. Televisheni ya ukutani haitembei, kamera ya mlangoni haitembei, printa haitembei. Hivyo vyote navipa waya, hewa nawaachia wenye miguu.

Sasa toeni simu. Fungueni orodha ya waifai. Nasema waifai, si wifi. Wifi ni mtu mwengine na magomvi yake ni mengine. Hesabuni majina mnayoyaona. Mimi hapa mbele naona 31. Bwana pale dirishani anasema 34. Na yule aliyekaa nyuma ya nguzo anasema 19. Ndugu yangu, usiihame hiyo nguzo, nitakuhitaji baadaye.

Majina 31, na mengi ya hayo yapo kwenye mkanda mmoja wa masafa ya redio, unaoanzia megahezi 2400 na kuishia 2483.5. Upana wote ni megahezi 83 na nusu. Kampuni za simu zina vipande vyao vya masafa, wamepewa leseni na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi, wanavilipia, na mtu akiwaingilia wana pa kushtaki. Huku kwetu hakuna hati wala mpaka. Mkanda huu ulitengwa mwaka 1947, kwenye mkutano wa kimataifa uliofanyika Atlantic City, kwa ajili ya mitambo ya viwandani, ya hospitali na ya kupasha moto. Yaani ulitengwa kama ua wa kutupia makelele. Mwaka 1985 Marekani ikaruhusu redio za nguvu ndogo zifanye kazi humo bila leseni, kwa sharti kwamba zivumilie kila zitakachokikuta. Waifai ikazaliwa uani, katikati ya majiko. Kwa hiyo ukisikia fundi analaani jiko la maikrowevu, mkumbushe kwamba jiko ndilo mwenye nyumba. Sisi wapangaji.

Na jiko ndilo lililonipa kisa cha leo.

Mwaka juzi niliitwa kwenye nyumba ya wageni, uchochoroni nyuma ya Darajani. Jina silitaji, mwenyewe ni mtu mwema na chai yake nimekunywa. Ghorofa tatu, vyumba 14, ruta 9, yaani vile visanduku vya kurushia waifai. Lalamiko lenyewe: saa sita ya usiku intaneti inakwenda mbio, lakini kuanzia saa moja na nusu asubuhi mpaka saa tatu haipatikani. Wageni wanashuka kunywa chai na simu zimeganda. Mwenye nyumba alianza na ruta mbili. Wakalalamika, akaongeza mbili. Wakalalamika, akaongeza tena. Na kila fundi aliyepita aliingia kwenye mipangilio, akapandisha nguvu mpaka mwisho, akachukua chake, akaondoka. Mimi nilipofika nikaambiwa, “Fundi, nataka ya kumi, lakini hii iwe na antena sita.”

Nikamwomba saa mbili tu kabla hajanunua. Nikapanda ngazi na kompyuta na kile kidude changu cha kuchorea mawimbi. Ruta zote tisa zilikuwa chaneli 6, kipande kimoja cha ule mkanda. Zote! Saba zilikuwa hivyo tangu zilipotoka kwenye boksi, na mbili ziliwekwa huko na mtu aliyesikia kwamba 6 ni nzuri. Kila moja imefunguliwa upana wa megahezi 40, karibu nusu ya mkanda mzima. Na chini, chumba cha chai, ruta imekaa juu ya friji, na pembeni yake, shubiri moja tu, jiko la maikrowevu.

Mpishi alikuwa bibi wa makamo. Nikamwomba atie kikombe cha maji ndani ya jiko awashe. Akawasha. Kwenye skrini, katikati ya mkanda, ukapanda mlima. Akazima, mlima ukaporomoka. Akaja kusimama ubavuni mwangu, akautazama, akarudi kuwasha mwenyewe, akazima, akawasha. Kisha akacheka mpaka akashika kiuno. “Kumbe mimi ndiye ninayewakatia wageni intaneti!”

Tupige hesabu, kwa sababu mafundi wengi hapa hawaamini kwamba jiko lililofungwa mlango linaweza kufanya hivyo. Ndani yake kuna nguvu ya wati 800, tuseme, na masafa yake yako kwenye megahezi 2450 au hapo hapo karibu, katikati ya mkanda wetu. Ruta inatoa takriban sehemu moja ya kumi ya wati. Chukua zile 800, gawa kwa elfu kumi. Unapata wati 0.08. Maana yake, ikivuja sehemu moja tu katika elfu kumi, kiasi ambacho hakimdhuru mtu wala hakichemshi chochote, jiko linakuwa limeshalingana na ruta yako kwa sauti. Na halingojei zamu.

Lakini kuna jambo zuri ndani yake. Majiko ya kawaida, haya yenye transfoma nzito, hayatoi mawimbi mfululizo. Yanafuata umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde. Kila mzunguko ni milisekunde 20, na jiko linanguruma karibu nusu yake, nusu nyengine kimya. Basi kila baada ya mngurumo unapata kama milisekunde 10 za utulivu. Kifurushi cha data cha baiti 1500, kikitumwa kwa spidi ya megabiti 54, kinamaliza safari kwa robo ya milisekunde hivi; kinapita kwenye ule mwanya bila kuguswa. Kifurushi hicho hicho kikitumwa kwa spidi ya kizamani ya megabiti 1 kinahitaji milisekunde 12. Mwanya ni 10. Hakiwezi kupona hata siku moja, na kila kikipigwa kinatumwa upya.

Sasa angalieni ruta inavyojiumiza. Ikiona vifurushi vinapotea, inadhani mteja yuko mbali, kwa hiyo inashusha spidi ili isikike vizuri. Inashuka, inashuka, mpaka inafika kwenye ile 1. Inakimbilia mahali ambapo jiko litaipata kwa uhakika zaidi. Nilizima spidi zote za chini, nikaihamisha ruta mita tatu upande wa ngazi, na chumba cha chai kikapona siku ile ile. Bibi mpishi alikataa kuamini kwamba nimemaliza, akawasha jiko mara mbili zaidi kunijaribu.

Hilo lilikuwa la jiko. Ghorofani mambo bado.

Nyinyi mmekulia barazani, kwa hiyo nitasema kwa baraza. Watu wamekaa, kahawa inazunguka. Mmoja anasema, wengine wananyamaza. Akimaliza unangoja kidogo uone kama kuna mwengine, ndipo unaingia. Mkianza wawili kwa pamoja, mnasita wote, “sema wewe,” “hapana, sema wewe,” na mmoja anatangulia. Waifai inafanya hivyo hasa. Kifaa kinasikiliza kwanza. Kikikuta kimya, kinachagua namba kwa bahati nasibu, kati ya sufuri na 15, na kuhesabu kurudi nyuma. Kila hesabu moja kwenye mitambo ya sasa ni sehemu 9 za milioni ya sekunde. Ikifika sufuri na bado kimya, kinasema. Kisipopata jibu la “nimepokea”, kinajua wamegongana, kinaongeza ukubwa wa bahati nasibu maradufu, 31, 63, mpaka 1023. Baraza likiwa na msongamano, adabu hii inakuwa ngoja ngoja ndefu.

Haya yaligunduliwa kwa kuumia. Mwaka 1971, visiwani kama sisi, Chuo Kikuu cha Hawaii kilianza mtandao wa redio wa kuunganisha visiwa vyao na kompyuta moja ya chuo. Mkuu wa kazi ile alikuwa Norman Abramson, na mtandao wakauita ALOHA, salamu yao. Kanuni yake ilikuwa ya kitoto: ukiwa na la kusema, sema. Usipojibiwa, ngoja muda wa kubahatisha, sema tena. Ilifanya kazi, jambo lililowashangaza wengi. Lakini hesabu zikaonyesha kwamba baraza la namna hiyo, ambalo hakuna anayesikiliza kabla ya kusema, haliwezi kutumia zaidi ya asilimia 18 hivi ya muda wake. Muda mwengine wote unaliwa na ukimya na kugongana. Baadaye wakakubaliana kwamba kila mtu aanze kusema kwenye mpigo wa saa moja ya pamoja, na kiwango kikapanda mara mbili, asilimia 37 hivi. Kwa kukubaliana muda wa kuanza tu! Hakuna aliyenunua antena.

Sasa rudini kwenye nyumba yetu. Ruta tisa, chaneli moja, zinasikiana zote. Hilo ni baraza moja lenye wasemaji tisa, ukiongeza simu na kompyuta za wageni 30. Mwenye nyumba anadhani kila ruta anayoinunua inamletea intaneti zaidi. Saa ya kusemea ni ile ile. Alichoongeza ni wasemaji.

Tena wasemaji wenyewe wanapenda kujitaja. Kila jina la waifai mnaloliona kwenye simu linatangazwa karibu mara 10 kwa sekunde, mchana na usiku, hata kama hakuna mteja. Tangazo moja lina baiti 250 hivi, na kwa kawaida linatumwa kwa spidi ya chini kabisa ili kila mtu alisikie. Kwa megabiti 1 hiyo ni milisekunde 2. Majina 10 kwenye chaneli moja, kila moja mara 10, kila mara milisekunde 2: milisekunde 200 katika kila sekunde. Moja ya tano ya hewa yote imekwisha kwa watu kujitambulisha, na hakuna aliyetuma hata picha. Nyumba ile ilikuwa na jina la wageni, la wafanyakazi, la mwenye nyumba, la kamera, na moja lililokuwa la mtoto wa mwenye nyumba ambaye siku hizo alikuwa keshahamia Muscat. Matano, mara ruta tisa. Fanyeni hesabu wenyewe nyumbani, mimi niliifanya nikaacha kalamu.

Suala la nguvu sasa, na hapa najua nitawaudhi baadhi yenu.

Ruta ukiipandisha mpaka mwisho, inapiga kelele inayofika nyumba tatu mbele. Simu ya mgeni haina nguvu hizo. Betri yake ndogo, antena yake ndogo. Basi simu inamsikia ruta vizuri sana, mistari yote imejaa, lakini ruta haiisikii simu. Mgeni anakuja mapokezi ameshika simu, anasema, “Imejaa, lakini haifungui.” Mnayajua maneno hayo. Na kibaya zaidi, simu ikisikia ruta ya ghorofa ya kwanza inapiga kelele mpaka ya tatu, inaing’ang’ania hiyo hiyo, huku ya ghorofa ya tatu iko juu ya kichwa chake. Na zile nyumba tatu za mbele, ambazo hazikukukosea lolote, lazima zinyamaze kila ruta yako ikisema.

Kisa cha sauti ya karibu kuifunika ya mbali ni kikongwe kuliko waifai. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, mwendesha redio wa Titanic, Jack Phillips, alikuwa anapeleka salamu za abiria kwenye kituo cha Cape Race, huko Newfoundland. Kituo kiko mbali, sauti yake hafifu. Meli ya Californian ilikuwa karibu, imesimama, imezungukwa na barafu, na mwendesha redio wake, Cyril Evans, akaita kuwajulisha. Kwa ule ukaribu, na kwa mitambo ya cheche ya wakati ule iliyotapakaa kwenye masafa mapana, sauti ya Evans ilimpasua Phillips masikio na kuifuta ile ya Cape Race. Phillips akamjibu anyamaze, yuko kazini. Evans akanyamaza. Baadaye kidogo akazima mtambo, akaenda kulala. Saa 5:40 usiku Titanic ikagonga barafu. Ilipoanza kuita msaada, Evans alikuwa usingizini. Walikufa watu zaidi ya 1,500.

Sisemi kwamba redio ndiyo iliyozamisha meli. Lakini tazameni walichokuja kukifanya mabaharia. Kwenye masafa ya dharura ya kilohezi 500 waliweka dakika tatu za ukimya, mara mbili kila saa: kuanzia dakika ya 15 mpaka ya 18, na kuanzia ya 45 mpaka ya 48. Saa za ukutani kwenye vyumba vya redio melini zilipakwa vipande vyekundu mahali hapo, ili mtu asisahau. Mshale ukiingia kwenye nyekundu, bahari nzima ilikuwa inafunga mdomo na kutega sikio, kama yupo mnyonge anayeita kwa betri inayokata roho. Saa moja ya namna hiyo niliwahi kuishika mikononi, imekwama, inasoma saa nne kasoro kumi na nne. Mshale wake mrefu umelala ndani ya nyekundu. Niliiomba, wenyewe wakakataa.

Manahodha mliomo humu, mnaokuja kwa ajili ya vijana wenu, chaneli 16 ya redio za melini mnaijua. Megahezi 156.8. Ya kuitana na ya dharura. Na mnajua inavyokuwa mtu anapokalia kipaza sauti chake, kitufe kikabonyea, na eneo zima likasikiliza redio yake ya kaseti kwa nusu saa. Huyo hana ubaya. Hajisikii tu.

Sasa naingia kwenye lawama. Nyinyi mnaofunga mitambo ya gigahezi 5, yaani megahezi 5000 na kitu, mkanda mwengine wa waifai, ya kuunganisha nyumba na nyumba, kuna orodha ya nchi kwenye mipangilio. Naona mitambo iliyo Zanzibar imeandikwa iko nchi ambayo fundi hajawahi kuikanyaga, kwa sababu aliambiwa kwamba ukichagua ile, nguvu inapanda na kile kipengele cha kusubiri rada kinaondoka. Nimekuta hivyo mara nyingi hata nimeacha kushangaa.

Kile kipengele hakikuwekwa kwa ajili ya kutusumbua. Rada za hali ya hewa nyingi duniani zinafanya kazi hapo hapo kwenye gigahezi 5, kati ya megahezi 5600 na 5650. Rada inapiga wimbi, inangoja mwangwi dhaifu kutoka kwenye tone la mvua kilomita nyingi mbali. Mtambo wako juu ya paa ukisema wakati ule, rubani anaoneshwa mvua isiyokuwepo, au anafichwa ile iliyopo. Mwaka 2009 huko San Juan, Puerto Rico, rada ya uwanja wa ndege ya kugundua upepo hatari ilikuwa inapata madoa, na wakaguzi walipofuatilia wakakuta mitambo ya intaneti ya nje, ya kampuni za kawaida, ya watu kama nyinyi na mimi. Kwa kuhofia mambo kama hayo, kanuni za Ulaya zinautaka mtambo ukae kimya dakika 10 nzima ukisikiliza kabla ya kuingia kwenye kipande hicho, na kwenye chaneli nyengine za rada sekunde 60. Ukisikia rada, unahama, na hurudi kabla ya nusu saa. Mteja anaudhika, najua. Anaona taa inawaka na intaneti haiji. Mwambieni ukweli, na kama hawezi kungoja, mpelekeni chaneli isiyo ya rada.

Bluetooth nitaipitia mbio kwa sababu yenyewe ina adabu zake. Ile ya zamani imegawa mkanda vipande 79 vya megahezi moja moja, inaruka kutoka kipande kimoja hadi chengine mara 1600 kwa sekunde. Tangu mwaka 2003 imejifunza kukwepa vipande inavyokuta vina watu. Na hii ndogo ya saa za mkononi na vipima mapigo, imechagua sehemu tatu tu za kujitangaza: megahezi 2402, 2426 na 2480. Chukueni karatasi mchore: ya kwanza iko pembeni kabisa mwa chaneli 1 ya waifai, ya pili kwenye ufa baina ya 1 na 6, ya tatu nje ya 11. Waliochora walitazama kwanza majirani wamekaa wapi. Halafu kuna wanaopenda kusema kwamba mcheza filamu Hedy Lamarr ndiye aliyevumbua waifai. Hapana. Yeye na mtunzi wa muziki George Antheil walipata hataza mwaka 1942 ya kurusharusha masafa ili kuongoza topido bila adui kuizuia, masafa 88, yakiongozwa na karatasi yenye matundu kama ya piano. Wazo la kuruka ni zuri na heshima yake apewe. Waifai tuiache.

Na kabla sijasahau: pale mapokezi kulikuwa na kipanya kisicho na waya kilichokuwa kinakwama kila mhasibu anapohifadhi hesabu. Walishabadilisha betri mara nne. Kumbe diski ya nje ya USB 3, ile yenye kitundu cha buluu, ilichomekwa jirani na kipokezi cha kipanya, na waya wa USB 3 unamwaga kelele kwenye gigahezi 2.4 hiyo hiyo, yaani mkanda wetu wa megahezi 2400. Nikakihamishia kipokezi upande wa pili wa kompyuta. Kazi ya sekunde tano, na kwa hiyo ndiyo waliyonishukuru zaidi.

Haya. Bwana wa nyuma ya nguzo, bado una 19? Vizuri.

Kila nikizungumza na fundi wa Mji Mkongwe, analalamikia kuta. Mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa dhiraa nzima mahali pengine, na gigahezi 5 ikigonga pale inakufa. Kweli. Lakini wenzetu wa majumba ya kuta nyembamba, Dar au Nairobi, ghorofa kumi zimepangana, wanasikia waifai ya jirani vizuri kuliko ya kwao. Wangelipa fedha kupata ukuta kama wetu. Bwana huyu ana nguzo moja tu mbele yake na imemwondolea kelele za ruta 12. Sisi tuna nguzo hiyo kila chumba, waliotujengea hawakutoza chochote kwa hilo, na tunachokifanya ni kupandisha nguvu ili tuitoboe.

Nyumba ile niliimaliza hivi. Ruta tatu nilizizima, nikampa mwenyewe azihifadhi. Sita zilizobaki zikawa na nyaya zao, zikakaa vyumba vinavyopeana migongo, kila moja nguvu chini, gigahezi 5 ndiyo ya kazi, chaneli mbali mbali, ukuta ukitenga. Gigahezi 2.4 nikaiacha kwenye tatu tu, upana megahezi 20, moja chaneli 1, moja 6, moja 11. Kwa nini hizo? Vituo vya chaneli vimeachana megahezi 5, na chaneli yenyewe ina upana wa 20. Kwa hiyo 1, 6 na 11 hazigusani. Majina matano yakawa mawili. Mwenye nyumba alilalamika kwamba sasa mistari kwenye simu imepungua kutoka minne hadi mitatu. Nikamwambia afungue video. Akafungua, akanyamaza.

Ila uchochoro una nyumba nne za wageni. Tulikaa barazani baada ya Isha, wenye nyumba watatu na mimi, tukachora kwenye karatasi ya maandazi: upande unaotazama njia, wewe 1, wewe 6, wewe 11. Wakakubaliana kwa dakika kumi, mkutano mfupi kuliko yote niliyowahi kuuona mjini hapa.

Wa nne yuko chaneli 3. Aliona 1 ina mtu, 6 ina mtu, akasema katikati kuna nafasi. Anachokijua ni nusu. Angekuwa chaneli 1, ruta za 1 zingemfahamu anaposema, zikangoja zamu, naye angezingoja. Akiwa 3 anawalalia wa 1 na wa 6 kwa pamoja, na hakuna kati yao anayefahamu maneno yake. Kwao ni ngurumo tu, na wao kwake ni ngurumo. Nimemweleza mara mbili. Mara ya kwanza alisema fundi wake amemwambia 3 ni tupu. Mara ya pili alisema 3 ni namba yake ya bahati, na hapo nikaishiwa hoja.

Leo baada ya Magharibi ninakwenda kwake tena, kwa kahawa. Ana halua nzuri, anaileta kutoka Wete. Nitachukua kompyuta na kile kidude cha kuchorea mawimbi, nimuoneshe kwa macho yake kama nilivyomuonesha yule bibi wa jikoni. Anayetaka kufuatana nami anikute nje ya mlango huu saa kumi na mbili na nusu. Lakini msije wengi, na simu muzizime waifai kabla ya kuingia uchochoroni.